Kuosha injini: maana yake, na maji yanapoleta hasara

Kuosha injini ni kusafisha vilivyo chini ya boneti kwa nje: bodi ya injini, mabomba, waya, betri na kuta zinazoizunguka. Kusafisha njia za oili kwa ndani ni kazi nyingine kabisa, na dawa zake ni nyingine.

Faida yake kubwa si urembo. Oili iliyovuja ikigandamana na vumbi na majani makavu karibu na egizosi inaweza kushika moto. Tena uchafu huo huficha uvujaji mpya. Kwa hiyo kabla ya kumwaga maji, kagua na upige picha kila palipolowa oili, maana ukishaosha hutajua tena inatoka wapi. (Wauzaji wa magari nao wanalijua hilo. Ukikuta injini inang'aa kama sahani, liendeshe gari nusu saa, kisha fungua boneti uangalie tena.)

Gari hupita kwenye mvua na madimbwi bila kudhurika. Linaloharibu ni presha, joto, na maji yanayotuama. Chukua injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Vitz, Ist na Probox nyingi. Koili zake nne (zinazozalisha umeme wa plagi) zimekaa juu, kila moja imezama kwenye shimo la plagi yake. Mpira unaoziba shimo ukizeeka hukakamaa, na mashine ya presha husukuma maji hadi chini. Umeme hukimbilia kwenye bodi ya injini badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi, gari linaanza kumisi (kukatakata) na taa ya cheki injini inawaka. Ikiwa taa hiyo inawaka na kuzima kwa kupepesa, zima gari hapohapo: petroli isiyoungua huenda kuungulia kwenye katalisti (kisafisha moshi cha egizosi) na kuiua. Chomoa koili, puliza maji yatoke shimoni, kausha, rudisha.

Nyumbani, acha gari lipoe hadi uweze kuweka kiganja juu ya injini bila kukiondoa. Uvuguvugu unasaidia kulainisha grisi, lakini maji baridi kwenye egizosi ya moto yanaweza kuipasua. Chomoa waya wa hasi wa betri. Mara nyingi spana ya 10 inatosha. Funika kwa nailoni alteneta (inayochaji betri), koili, kisanduku cha fyuzi na mdomo wa kuingizia hewa. Hakikisha kijiti cha kupimia oili na kifuniko cha kumiminia oili vimekaza.

Ondoa majani kwa brashi kavu kwanza. Pulizia dawa ya kuondoa grisi inayochanganyika na maji, iache dakika 3 hadi 5 bila kukauka, kisha sugua kwa brashi ya rangi. Mswaki wa zamani unafika kwenye pembe. Petroli usiitumie hata kidogo: mvuke wake unangoja cheche moja ya stata. Dizeli nayo huvimbisha mipira na kuacha utando unaonasa vumbi upya.

Suuza kwa mpira wa bustani, maji yakitiririka kama mvua nyepesi, dakika moja au mbili tu. Karibu na soketi na sensa tumia kitambaa chenye unyevu. Mapezi ya rejeta hupinda kwa presha, yaepuke.

Toa nailoni zote (ile ya mdomo wa hewa ndiyo husahaulika), futa, acha boneti wazi saa moja juani, rudisha betri, washa injini dakika 10. Usipulizie mafuta ya kung'arisha. Yakigusa mkanda utateleza na kupiga kelele.

Gari la haibridi (linalotumia petroli na umeme), kama Aqua, lina waya nene za rangi ya chungwa zenye umeme mkubwa. Huko usipeleke mpira wa maji: zima gari kabisa, tumia kitambaa chenye unyevu, na waya hizo usiziguse.

Baada ya siku 3 au 4 za kuendesha, fungua boneti na ulinganishe na zile picha. Palipolowa tena ndipo pa kumwonyesha fundi.