Kuchagua namna ya kufanya zoezi si kupunguziwa kazi

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu ya wazazi: mwalimu akiwaachia wanafunzi wachague namna ya kufanya zoezi, eti anawabeba wavivu, haki ni wote kufanya kitu kilekile. Si kweli.

Kinachochaguliwa ni njia, si lengo. Chukua somo la mzunguko wa maji. Mmoja anaandika insha, mwingine anachora mchoro wenye maelezo, wa tatu anaeleza kwa mdomo. Wote lazima waonyeshe maji yanavyogeuka mvuke, mawingu, kisha mvua, na wote husahihishwa kwa vigezo vilevile. Anayeandika polepole hapotezi alama za sayansi kwa sababu ya mkono wake. (Kama kinachopimwa ni uandishi wenyewe, insha haikwepeki, hapo huchaguliwa mada tu.)

Wengi huchanganya usawa na kufanana, ndiyo maana ujumbe huu unaaminika upesi. Ukiwa na shaka, mwombe mwalimu vigezo vya usahihishaji, uvilinganishe chaguo kwa chaguo. Chaguo moja likiwa jepesi mno, mwambie. Hiyo ni kasoro ya zoezi hilo. Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.