Mtwara Mjini hakuna kisima cha gesi, jamani

Naanzia hapohapo maana wiki hii nimeulizwa tena. Kijana mmoja anaandika tasnifu yake Dar, kanipigia: "Shikamoo mwalimu, naomba tu unithibitishie kwamba 2015 Mtwara Mjini walichagua CUF kwa hasira za gesi." Nimthibitishie! Jibu analo tayari, anatafuta mtu mzima wa kuligongea muhuri. Mi kura za mji huu nimezifuatilia miaka, nimekaa vituoni kama karani, nimenakili fomu za matokeo zikiwa bado mbichi ukutani, na hili la gesi, kwamba watu walikasirikia bomba la kuipeleka Dar ndo wakaupa upinzani kura, limenichosha.

Haya. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982 kule Msimbati, mtambo wa kuisafisha upo Madimba, na kote huko ni jimbo la Mtwara Vijijini. Hao ndo wenye gesi yao. 2015 walimchagua nani? Hawa Ghasia wa CCM, chama tawala. Tandahimba hawana hata harufu ya gesi, wakampa mtu wa CUF, ugomvi wao ulikuwa malipo ya korosho. Ndanda wakaenda Chadema, chama kingine cha upinzani. Kilwa gesi yao ya Songo Songo inaenda Dar tangu 2004 wala hamna aliyechoma kitu, na 2015 majimbo yao yote mawili CUF. Halafu Lindi Mjini: 2010 walimchagua Salum Barwany wa CUF, mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda jimbo nchini kwetu, huko hata ile kauli ya kupinga bomba, "gesi haitoki", haijaanza kusikika, na 2015 ambapo kusini yote inaongea gesi asubuhi mpaka usiku, wao wakarudi zao CCM. Sasa chukua ramani, weka hayo yote juu yake, uniambie gesi inaeleza nini.

Sisemi haikuwa na uzito. Januari na Mei 2013 mji huu uliwaka kwa kulipinga bomba, watu walikufa, na wengine mpaka leo hawapendi kuyazungumza. Ila kumbuka mbunge wetu siku zile alikuwa Hasnain Murji, wa CCM, na mtaani kwangu waliokuwa wakipiga kelele bomba lisijengwe walikuwemo hata mabalozi wa nyumba kumi wa CCM hiyohiyo. Hasira haikuwa na kadi ya chama. Ninavyoona mi, ilichofanya ni kuondoa woga, mtu akaanza kusimama kwenye mkutano wa upinzani bila kuangalia nani anamuona, na 2015 upepo wa Ukawa, ule muungano wa vyama vya upinzani, ulipopita nchi nzima ukakuta mlango uko wazi, Maftaha Nachuma wa CUF akaingia. Kufungua mlango na kumpa mtu ubunge ni vitu viwili tofauti.

Ninachotaka watu wakiangalie ni nani hasa anakuwa mjini siku ya kura, na hapa ndo sisikilizwi.

Mji wa zamani ni Mikindani. Mtwara yenyewe imekuzwa na bandari, Waingereza waliijenga kwa ajili ya ule mpango wao wa karanga baada ya Vita vya Pili, wakatandika na reli mpaka Nachingwea. Karanga zikafeli, reli ikang'olewa miaka ya 60, tumebaki na jina tu la kata ya Reli. Kwaiyo ukitoa familia za Mikindani na vijiji vya wavuvi, mpiga kura wa mjini kwetu au baba yake katokea Newala, Tandahimba, Masasi, wengine ng'ambo ya Ruvuma kipindi cha vita vya Msumbiji. Ana chumba hapa mjini, Magomeni au Chikongola, na ana mikorosho kwao. Huyu mtu ana makazi mawili, na daftari la wapiga kura linamjua kwa moja.

Sasa angalia kalenda. Uandikishaji wa wapiga kura 2015, ule wa mashine za BVR za alama za vidole, ulifanyika kabla ya msimu wa korosho, watu wapo mjini, foleni ndefu. Kura ikapigwa 25 Oktoba, korosho zinadondoka, minada ndo inaanza, na sheria inakutaka upige kura kituo ulichojiandikisha. Anayebaki mjini Oktoba ni nani? Bodaboda, mama lishe, muuza duka, mtumishi wa Shangani, mwanachuo. Vijana wasio na shamba, kwa kifupi. Mwaka ule kituoni kwangu alikuja mama mmoja, katoka shamba usiku na lori la magunia, nikashika mkono wake nimpake wino kidole kidogo, vidole vyote vyeusi, ngozi imebanduka kwa mafuta ya maganda ya korosho. Nikapaka, nikageuza kidole, sioni wino uko wapi. Akaniambia "paka tu mwanangu, mi nataka niwahi gari." Katika majina kumi ya mtaa wake, mawakala wa vyama walivyokuwa wakitiki, wengi hawakutokea.

Sasa udhaifu wangu nauweka mezani. Fomu ya ukutani inanionyesha kituo, hainionyeshi mtu. Naweza kusema wangapi hawakuja, siwezi kusema wangempa nani. Na kura ya 2015 ilikuwa Jumapili, ya 2020 ikawa Jumatano, kwaiyo hata siku hazilingani, na CCM ikalirudisha jimbo kwa Hassan Mtenga, ila upinzani mwaka ule ulilalamika kwamba mawakala wao walizuiwa, kwaiyo namba za 2020 siziweki mstari mmoja na za 2015. Wenzangu wanaoziweka wananiambia nachagua ushahidi unaonifaa. Hoja yao inaniuma, na sijawajibu vizuri bado.

Yule kijana nimemwambia asije na dodoso lake la gesi. Aje Oktoba, apande daladala mpaka Naliendele, pembezoni mwa mji wetu, siku ya kazi, apite nyumba kwa nyumba akiandika ni milango mingapi ina kufuli na jirani anasema mwenyewe kaenda wapi.