Aliyepiga ni mkono wangu

Wanafunzi wangu wakimaliza kusoma Oedipus Mfalme, tamthilia ya Mgiriki Sophocles, kwa mara ya kwanza, darasa hugawanyika palepale. Upande mmoja husema alijitakia: mtu gani anaua watu njiani kwa ugomvi wa kupishana? Upande wa pili husema maskini ya Mungu, angefanya nini, yalikwisha andikwa kabla hajazaliwa. Ni miaka mingi sasa nafundisha tanzia za Kigiriki na bado sijapata darasa lisilogawanyika hivyo. Naupenda ubishi huo kwa sababu unatoka moyoni. Ni maneno yaleyale tunayoyasikia msibani, wengine wakisema kazi ya Mungu haina makosa, wengine wakinong'ona nyuma ya turubai kwamba marehemu naye aliendesha gari amelewa. Ila pande zote mbili, kwa maoni yangu, zinaipita tamthilia yenyewe bila kuigusa. Nitaeleza kwa kuanzia kwenye mistari minne ambayo mpaka leo sijaizoea.

Oedipus ametoka nje ya jumba lake. Ndani, Jocasta, mke wake aliye pia mama yake, amejinyonga. Oedipus amezichomoa bizimu za dhahabu zilizoshikilia vazi la marehemu, pini ndefu zenye ncha kali, akajichoma nazo machoni, akarudia, akarudia tena, mpaka damu ikamlowesha ndevu. Wazee wa kwaya hawawezi kumtazama. Wanamuuliza: ni mungu gani aliyekusukuma? Naye anajibu:

"Ni Apollo, rafiki zangu, Apollo ndiye aliyeyatimiza maovu haya yangu, mateso haya yangu. Na mkono uliopiga haukuwa wa mwingine, ni wangu mimi mwenye taabu."

Kila ninapoutafsiri mstari ule wa pili nakwama kwenye neno dogo. Kigiriki kinatumia "de", kiunganishi kilicho kizito kidogo kuliko "na" yetu na chepesi kuliko "lakini". Ukiandika "lakini", Oedipus anaonekana anampokonya Apollo jukumu. Ukiandika "na", vitu viwili vinakaa pamoja bila kusukumana: ni Apollo, na mkono ni wangu. Nimechagua "na". Halafu kuna neno "autocheir", yaani aliyetenda kwa mkono wake mwenyewe. Mwanzoni mwa tamthilia Oedipus alilitumia hilohilo alipoapa mbele ya watu wa Thebes kwamba atamsaka aliyemuua kwa mkono wake Laius, mfalme aliyemtangulia na, bila yeye kujua, baba yake. Sasa linamrudia, na ni yeye anayejivisha.

Swali la darasani, kadari au hiari, linataka tuchague mmoja kati ya hao wawili. Oedipus hachagui. Nadhani watazamaji wa Athens, waliokaa kwenye mteremko wa kusini wa Acropolis kwenye sikukuu ya Dionysus, wasingeona kwamba amekwepa swali. Lugha yao haikuwa na jina la kile ambacho wanafalsafa wa baadaye walikiita uhuru wa utashi. Walikuwa na maneno mawili ya kawaida, ya mahakamani na ya sokoni: "hekon", mtu atendaye kwa hiari, na "akon", atendaye pasipo hiari. Na neno lao la kadari, "moira", maana yake ya kwanza ni fungu. Fungu la nyama, fungu la ardhi, kile kilichokuangukia wewe wakati wa kugawa. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi. Ajali, kwa wazee wetu, ilikuwa saa ya kufa aliyopangiwa mtu. Leo ni basi kupinduka kwenye kona. Anayesema ajali haina kinga anazisema maana zote mbili kwa pumzi moja, na hakuna anayemwambia achague.

Tutazame basi Apollo alisema nini hasa. Oedipus, kijana aliyelelewa Korintho, alikwenda Delphi, kwenye hekalu la Apollo la kutolea utabiri, kuuliza wazazi wake ni akina nani. Hakujibiwa swali lake. Aliambiwa kwamba atamuua baba yake na kulala na mama yake. Hakuamriwa, wala hakutishwa kwamba akifanya hili atapatwa na lile. Aliambiwa tu yatakayokuwa. Hapo Sophocles amefanya uamuzi ambao wasomaji wengi hawauoni kwa sababu ni wa kuondoa. Mwaka 467 KK Aeschylus, mtunzi aliyemtangulia, alikuwa ameionyesha Athens hadithi hiyohiyo, na kwake yeye Laius alionywa na Apollo mara tatu afe bila mtoto ili mji wake usalimike. Laius hakusikia, na mtoto akalipa deni la baba. Hadithi ya namna hiyo ina mhasibu: kosa huku, malipo kule. Sophocles alikuwa na hadithi hiyo mkononi, akaitoa sehemu ya onyo. Laius wa kwake anaambiwa tu kwamba fungu lake ni kufa kwa mkono wa mtoto wake. Kosa la babu na baba limefutwa, na hakuweka jingine mahali pake.

Jambo la pili ni kwamba yote yaliyotabiriwa yamekwisha tokea kabla kwaya haijaingia. Tunachokiona jukwaani, mwanzo hadi mwisho, ni mtu anayeamua. Yeye ndiye aliyemtuma Creon, shemeji yake, Delphi kuuliza juu ya tauni iliyoupiga mji. Yeye ndiye aliyemlaani muuaji hadharani, na yeye ndiye aliyemshurutisha nabii Tiresias kusema. Tiresias anautabiri upofu, ndiyo, ila kutabiri si kushika mkono wa mtu. Jocasta, aliyekwisha kuelewa, anamsihi aache kutafuta ikiwa anayathamini maisha yake. Hakuacha. Kisha analetwa mchungaji mzee, aliyepewa Oedipus zamani akiwa mtoto mchanga ili akamtupe mlimani Cithaeron. Mzee anasita. Anasema: ole wangu, nimefika kwenye lile la kutisha la kusema. Oedipus anajibu: nami la kusikia, ila sharti nisikie.

Hapo ndipo ninapowaomba wanafunzi wafunge kitabu kwa dakika moja. Angeweza kumwambia mzee aende zake. Kauli ya Delphi ingebaki imetimia vilevile, yeye akiwa mfalme na macho yake mawili.

Na hasira ya njiani je? Nasikia hoja hii kila mwaka na naiheshimu, kwa sababu Oedipus kweli ana hasira. Kwenye njia panda ya Phocis gari la mzee mmoja, ambaye ndiye Laius, lilitaka kumsukuma pembeni, akampiga dereva, yule mzee akamngojea apite kisha akamshushia kichwani fimbo yenye ncha mbili ya kuswagia farasi. Ndipo akaua. Sheria ya Athens aliyoinukuu msemaji Demosthenes kwenye hotuba ya mwaka 352 KK inawataja watu ambao hawatakwenda uhamishoni kwa kuua: aliyeua pasipo hiari michezoni, aliyemwangusha mtu njiani, aliyemuua mwenzake vitani kwa kutomtambua. Kwa hiyo watazamaji wa Sophocles walikuwa na namna ya kuliona tukio lile lisiwe uuaji wa kinyama. Hata tukisema alizidisha, hasira haielezi kwa nini alimuoa mama yake. Aliyezidisha ghadhabu barabarani anastahili kesi. Kitanda kile hastahili mtu yeyote.

Wanaotafuta kosa humwita mwanafalsafa Aristotle awe shahidi wao. Ndiye aliyesema kwamba mhusika wa tanzia huanguka kwa "hamartia", na vitini vya shule hulifasiri neno hilo kuwa dosari ya tabia: kiburi, wivu, tamaa. Najua kwa nini. Katika Agano Jipya la Kigiriki neno hilohilo ndilo tunalolisoma "dhambi" katika Biblia ya Kiswahili, na sikio letu limelizoea hivyo. Lakini Aristotle, aliyezaliwa 384 KK, aliandika karne kadhaa kabla ya Agano Jipya. Kitenzi cha neno hilo Wagiriki walikitumia kwa mtupaji mkuki anayekosa shabaha. Na palepale Aristotle anaeleza kwamba mtu huyo haanguki kwa uovu, na kwamba huruma humwendea anayeteseka asivyostahili. Ikiwa Oedipus alistahili, basi kwa hesabu ya Aristotle mwenyewe tusingemlilia.

Mkuki unanikumbusha kisa anachokisimulia mwandishi wa kale Plutarch. Mshindani mmoja katika michezo alimpiga kwa mkuki, pasipo hiari, mtu aitwaye Epitimus wa Pharsalus, akafa. Pericles, kiongozi wa Athens, na mwanafalsafa Protagoras wakashinda siku nzima wakijadili nani alaumiwe: mkuki wenyewe, aliyeutupa, au waandaaji wa michezo. Wengine huona wale wawili walikuwa wanapoteza muda. Mimi naona wanaume wawili wenye akili wakikataa kuamini kwamba "hakukusudia" ni mwisho wa mazungumzo. Athens ilikuwa na mahakama ya pekee, ile ya Palladion, kwa ajili ya waliokuwa wameua pasipo kukusudia. Aliyehukumiwa pale alihama nchi. Hakuwa muuaji kama wale wa Areopagus, mahakama ya walioua kwa kukusudia, na hata hivyo damu ilikuwa imemgusa.

Aeschylus, katika tamthilia yake Agamemnon, ameliweka jambo hili kwenye picha moja ambayo sijaona ya kuishinda. Meli za mfalme Agamemnon zimekwama Aulis kwa upepo mbaya, na nabii amesema mungu wa kike Artemis anamtaka binti yake Iphigenia. Agamemnon analia: msiba mzito kutotii, msiba mzito kumchinja mwanangu, pambo la nyumba yangu. Halafu kwaya inasema alipoivaa nira ya ulazima. Nira! Ng'ombe hajivishi nira. Huvishwa na mkulima. Kitenzi cha Aeschylus, hata hivyo, ni kile mtu anachotumia kwa kuvaa nguo. Ulazima ni ulazima kweli, na mikono iliyoufunga shingoni ni ya Agamemnon. Tamthilia hiyo, ya mwaka 458 KK, inarudia hesabu hiyo mwishoni. Clytemnestra, aliyemuua mumewe, anadai si yeye, ni pepo wa kisasi wa ukoo aliyechukua umbo lake. Wazee wanamjibu: nani atakushuhudia kwamba huna hatia? Ila pepo huyo wa mababu huenda alikuwa msaidizi wako. Msaidizi. Mungu na mtu kwenye kazi moja, wala hakuna anayempunguzia mwenzake mzigo.

Euripides, mtunzi wa tatu, ni mkali zaidi na nitampitia haraka. Kwake mungu wa kike Hera anamtumia shujaa Heracles wazimu, naye anawaua watoto wake. Lyssa, Wazimu mwenyewe, anasema hataki kazi ile, kisha anaifanya. Sijawahi kusikia mwanafunzi akisema Heracles alistahili.

Sophocles alimrudia Oedipus uzeeni. Oedipus huko Colonus ilichezwa mwaka 401 KK, mtunzi akiwa amekwisha kufa, ikiletwa jukwaani na mjukuu wake. Safari hii kipofu huyu anajitetea vilivyo. Matendo yangu, anasema, niliteswa nayo kuliko nilivyoyatenda. Anamuuliza Creon: mtu akija sasa hivi kukuua, utauliza kwanza kama ni baba yako? Mbele ya sheria, anasema, mimi ni safi. Binti yake Ismene anamwambia miungu iliyomwangusha sasa inamwinua, naye anajibu kwamba kumwinua mzee aliyeangushwa akiwa kijana ni jambo duni.

Ninamsadiki. Nadhani hata Sophocles alitaka tumsadiki. Kisha Theseus, mfalme wa Athens, anamrudishia binti zake wawili waliokuwa wametekwa, na mzee kwa furaha anaomba mkono wa kulia wa mfalme aushike, ambusu kama inaruhusiwa. Anasita katikati ya maneno. Ninasema nini, anajiuliza; nitatakaje umguse mtu ambaye hakuna doa la uovu lisilokaa kwake? Anamwomba Theseus ampokee salamu kutoka pale aliposimama. Theseus anajibu kwa upole kuhusu watoto, na mazungumzo marefu ya baba na binti zake. Juu ya mkono hasemi kitu.