Intaneti kuwaka si dalili kwamba faiawoli inafanya kazi

"Nimehama kampuni ya intaneti, fundi kachomeka waya, intaneti inawaka, basi." Kauli hii nimeichoka. Kuwaka kunathibitisha kwamba pakiti, yaani vipande vya data, zinatoka na majibu yake yanarudi. Kuhusu zinazoingia bila kuombwa hakusemi lolote, na faiawoli, kichungi cha ruta, uliiweka kwa ajili ya hizo.

Nazungumzia ruta za MikroTik, na mtu anayetoka DHCP (ruta inapewa anwani yenyewe) kwenda PPPoE ya faiba (ruta inaingia kwa jina na nywila).

Muunganisho wenyewe hausumbui. Anza na nakala ya mipangilio, /export file=kabla, uihamishie kwenye kompyuta. Kabla fundi hajaondoka, muulize kama kuna namba ya VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya waya uleule) na kama kisanduku chao kimewekwa bridge, yaani kinapitisha tu data kwenda ruta yako. Jina la mtumiaji na nywila akupe kwa maandishi. Zima DHCP client ya zamani. Kama ulikuwa na anwani ya kudumu, ifute pamoja na njia yake ya 0.0.0.0/0, ile ya kwenda intaneti yote. Kisha tengeneza pppoe-out1, muunganisho wa PPPoE, juu ya ether1, tundu la waya wa nje. Kama kuna VLAN, pppoe-out1 ikae juu ya VLAN hiyo. Seva za DNS (zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) za kampuni ya zamani nazo zing'oe, kwani nyingi hazimjibu asiye mteja: utaona ping kwenda 1.1.1.1 inapita lakini hakuna tovuti inayofunguka.

Sasa jambo lenyewe. Kwa faiawoli, ether1 na pppoe-out1 ni milango miwili, hata kama waya ni mmoja. Ruta nyingi zilizopangwa miaka ya nyuma zina kanuni hii, inayotupa (drop) kila kinachoingia kwenye ruta yenyewe (input) kupitia ether1:

chain=input in-interface=ether1 action=drop

Enzi za DHCP ilifanya kazi yake. Leo pakiti zilezile za nje zinaingia kwa jina la pppoe-out1, na kanuni haizigusi. RouterOS, mfumo wa MikroTik, hukubali kila kisichokatazwa, kwa hiyo ruta imebaki wazi: Winbox (programu ya kuisimamia) kwenye poti 8291, SSH (kuisimamia kwa amri) kwenye 22, DNS kwenye 53. Hiyo 53 ndiyo inayoniudhi zaidi. Allow Remote Requests ikiwa imewashwa, ruta yako inajibu maswali ya DNS ya yeyote duniani, na wahuni huitumia kumrushia mtu mwingine mafuriko ya majibu. Wewe unaona tu intaneti imekuwa nzito, unailaumu kampuni mpya.

Kosa hili hujificha nyuma ya masquerade, kanuni inayovipa vifaa vya ndani anwani ya ruta vinapotoka nje. Nayo ilikuwa imeandikwa out-interface=ether1, kwa hiyo ukihama intaneti inagoma kabisa. Fundi anaitafuta, anairekebisha, kurasa zinafunguka, anaaga. Wengine wanafuta kabisa jina la mlango kwenye masquerade ili iwake upesi. Kanuni ya input hakuna anayeikumbuka, maana haikumkwamisha mtu.

Acha kutaja mlango ndani ya kanuni. Nenda Interfaces, kisha Interface List: bridge ya nyumbani (inayounganisha milango ya ndani) iwe LAN, upande wa ndani, pppoe-out1 iwe WAN, upande wa nje. Kanuni ya input iwe in-interface-list=!LAN action=drop, ikitanguliwa na ile inayokubali established na related, yaani pakiti za mazungumzo yaliyokwisha kuanza; masquerade iwe out-interface-list=WAN. Kagua chain=forward (pakiti zinazopita kwenye ruta kwenda vifaa vingine) pia, kama nako kumetajwa ether1. Washa Safe Mode, inayorudisha mipangilio ukikatika, kabla ya kuanza: ukiweka !LAN wakati orodha ya LAN ni tupu, unajifungia nje mwenyewe. Ukihama tena, utagusa orodha peke yake.

Halafu tazama safu ya Packets kwenye kanuni hiyo ya drop. Kwenye anwani ya umma, namba hupanda bila wewe kufanya kitu, kwa sababu kuna programu zinazobisha hodi kwenye kila anwani mchana na usiku. Ikibaki sifuri, shuku. Sisemi hukumu, maana kipimo hiki kina udhaifu: ukiwa nyuma ya CGNAT, yaani wateja wengi mnachangia anwani moja ya umma, na mara nyingi anwani ya pppoe-out1 iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, wabishaji wa nje hawakufikii moja kwa moja. Kanuni irekebishe hivyohivyo. Wateja wenzako wa kampuni hiyo huenda wanakufikia.

MTU nayo, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Vitabu vinasema 1492, kwa kuwa PPPoE inachukua baiti 8 kati ya 1500. Mimi siiamini namba hiyo mpaka nipime, kwa sababu laini nyingine hazifiki hapo. Kwenye Windows andika ping -f -l 1464 1.1.1.1, hiyo 1464 pamoja na 28 za vichwa ni 1492. Ukiambiwa pakiti inahitaji kugawanywa, punguza hadi ipite, ujumlishe 28, uandike jibu kwenye pppoe-out1. Dalili za MTU kubwa mno ni tovuti chache kuning'inia huku nyingine zikifunguka vizuri.

Na kamera zako, kama ulizifungulia poti na sasa uko CGNAT, hazitaonekana kutoka nje hata ukiandika kanuni za dstnat, zile za kufungua poti, usiku kucha. Omba anwani ya umma, au pitisha WireGuard (njia ya siri ya VPN) kwenye seva iliyoko nje.