Ratiba ya Wiki Chuoni: Dhana Zinazoiua Kabla ya Jumatano

Wengi tumewahi kuichora. Jumapili jioni, karatasi, rula na kalamu za rangi: kuamka saa kumi alfajiri, kupitia notsi mpaka kukuche, vipindi, maktaba, mazoezi, maktaba tena, kulala saa tano usiku. Jumatatu inakwenda kama ilivyoandikwa. Jumanne mhadhiri anasogeza kipindi, wenzako wa kazi ya kikundi wanaitana ghafla, na zoezi ulilolitengea saa moja linakula saa tatu. Ikifika Jumatano ile karatasi imeshakuwa pambo la ukutani. Yangu ya mwaka wa kwanza ilikuwa na rangi nne na ilidumu siku mbili.

Dhana: "Ratiba inanishinda kwa sababu sina nidhamu."

Nidhamu ina nafasi yake, lakini kosa kubwa hufanyika kabla hata hujafungua daftari, pale unapokadiria. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandika jambo hili mwaka 1979: mtu akipanga kazi yake mwenyewe huiona fupi kuliko itakavyokuwa, hata kama kazi za namna hiyo zimemchelewesha mara zote zilizopita. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake wakachapisha utafiti juu ya wanafunzi wa chuo waliokuwa wakimalizia tasnifu. Kwa wastani walisema wangemaliza ndani ya siku 34. Walichukua siku 55 na ushei. Kinachonichekesha zaidi ni kwamba walipoombwa wakadirie upya, safari hii kana kwamba kila kitu kingekwenda mrama, wastani ulikuwa siku 49 hivi. Hata balaa waliyoiwaza ilikuwa nyepesi kuliko hali yenyewe.

Tunapokadiria tunaiona kazi peke yake, imenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Hatuoni kitabu kilichoazimwa na mwingine, wala ile nusu saa ya kutafuta faili ulilolihifadhi kwa jina usilolikumbuka.

Kwa hiyo pima kwanza. Kwa wiki mbili, pembeni mwa kila kazi andika namba mbili: muda uliokadiria na muda uliotumia kweli. Utashangaa. Ukurasa wa takwimu wenye milinganyo unaweza kukuchukua dakika 6. Basi sura ya kurasa 30 ni saa 3, na bado hujagusa swali hata moja. Ukiona kwamba saa zako 2 kwa kawaida hugeuka 3, zidisha kila makadirio kwa moja na nusu. Ratiba itaonekana nyembamba na ya aibu kidogo. Iache hivyohivyo.

Dhana: "Wiki ina saa 168, muda upo tele."

Tuhesabu. Usingizi wa saa 8 kila usiku ni saa 56, zinabaki 112. Kula, kuoga na kujiandaa, saa 3 kwa siku, ni 21, zinabaki 91. Vipindi na maabara tuseme 18, zinabaki 73. Kwenda na kurudi, foleni, kufua na usafi, 12, zinabaki 61. Ibada, ndugu, marafiki na simu, 15, na hapo nimejipendelea. Mkononi una 46, na sehemu yake ni vipande vya dakika 40 kati ya kipindi na kipindi, ambavyo vinafaa kupanga notsi au kurudia maswali ya jana, si kuandika insha. Mimi nikipata saa 25 hadi 30 za kusoma kwa utulivu, nahesabu wiki imekuwa nzuri.

Kwa upande wa mahitaji, angalia krediti za kozi. Katika mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya, krediti 1 huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi yote, vipindi vikiwemo. Kozi ya krediti 5 basi ni saa 125 hadi 150, na katika muhula wa wiki 15 inadai saa 8 hadi 10 kila wiki. Kanuni za chuo chako huenda zikawa na hesabu nyingine. Itafute, kisha ilinganishe na saa ulizobaki nazo. Ikiwa hazilingani, rangi hazitasaidia. Kuna kitu lazima kipungue, na ni afadhali ukichague wiki ya pili kuliko wiki ya kumi na mbili.

Dhana: "Jumamosi nzima nampa huyu Takwimu, nimalizane naye."

Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, kwa sababu ikifika jioni unajisikia umeiva. Saa 6 za somo moja kwa mkupuo zinakupa wepesi wa wakati ule: kila ukurasa unaujua kwa sura. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia aliyejipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha jinsi mambo yanavyotutoka upesi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushika kuliko yaliyorundikwa siku moja. Saa zilezile 6 zigawe mara nne: saa moja na nusu Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, Jumapili.

Na ukirudi Jumatano, usianze kwa kusoma. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, mwaka 2006, waliwalinganisha wanafunzi waliosoma matini tena na wale waliojaribu kuiandika kwa kukumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojijaribu walikumbuka zaidi. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokikumbuka, ndipo ufungue uone palipopwaya. Dakika 15 za kwanza zitakuudhi.

Dhana: "Alfajiri ndiyo saa ya kusoma." Kwa wengine, ndiyo. Lakini saa ya mwili, ile ya ndani inayotuambia lini tulale na lini tuamke, huelekea kuchelewa zaidi karibu na umri wa miaka 20, umri uleule wa wanafunzi wengi wa chuo, kwa hiyo usijilaumu kama saa kumi alfajiri macho yanasoma na kichwa kimelala. Kukesha nako kunakula usingizi ambao ubongo unautumia kutunza ulichojifunza.

Dhana: "Nimeandika 'kusoma Kemia', inatosha." Haitoshi. Ukiikuta hiyo kwenye ratiba, robo saa itaishia kwenye kuamua uanzie wapi, na simu iko jirani. Andika mahali, saa na kazi: "Nikitoka kipindi cha saa nane naenda maktaba, nafanya swali la 1 hadi la 6, sura ya 4, bila kuangalia majibu."

Dhana: "Saa isiyojazwa imepotea."

Hapa ndipo ratiba nyingi hufia. Jedwali lililojaa pomoni halina pa kupokea dharura, na dharura haikosi wiki hata moja. Tenga vipindi viwili vitupu, kwa mfano Alhamisi jioni na Jumamosi asubuhi, uviite fidia. Kipindi kilichopotea Jumanne kisihamie Jumatano, maana Jumatano ina kazi zake na utazivuruga zote mbili, kipeleke Alhamisi. Ikiwa Alhamisi imeshachukuliwa, kuna Jumamosi. Na ikiwa hata Jumamosi imejaa, futa kitu kabisa: punguza maswali 20 yawe 8, au mwambie kiongozi wa kikundi mapema kwamba sehemu yako itafika Jumatatu.