Kuchoma vyungu: nini hasa hutokea ndani ya tanuri

"Udongo uwahi ungali maji," walisema wahenga, na mfinyanzi anauelewa usemi huo kwa mikono yake. Chungu kilichokaushwa juani bado kina njia ya kurudi: kitumbukize kwenye ndoo ya maji, baada ya muda utakuta tope. Kilichochomwa hakirudi. Ukikivunja utapata vigae, ukivitwanga utapata unga wa vigae, lakini udongo wa kufinyanga huupati tena. Kwa hiyo kuchoma si kukausha kwa moto mkali. Ni kuugeuza udongo uwe kitu kingine, na tanuri, ambalo wengine huliita joko, ni chumba cha kulishika joto ili mageuzi hayo yafike hadi katikati ya ukuta wa chombo.

Cha kwanza kuondoka ni maji, nayo yako ya aina mbili. Kuna yale yaliyolala baina ya chembe za udongo. Hayo yanatakiwa yaishe kabla moto haujawashwa, na kipimo chake ni chepesi: unakibandika chombo shavuni. Ukihisi ubaridi, bado maji yanatoka. Ukikiingiza hivyo hivyo na kuharakisha moto, joto likipita nyuzi 100 za selsiasi maji huwa mvuke, na mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Ukuta mnene hauna pa kuutolea. Chombo hupasuka kwa kishindo, na vipande vyake huharibu vya jirani. Wengi huilaumu hewa iliyobaki ndani ya udongo, lakini hewa peke yake haina nguvu hiyo. Kinachopasua ni unyevu.

Maji ya pili ni sehemu ya umbo la chembe zenyewe. Kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea kauri, hubeba maji ya namna hii karibu asilimia 14 ya uzito wake, na hayatoki hata ukiuanika mwaka mzima. Huanza kuachia kwenye nyuzi 450 hivi. Yakishatoka, kuloweka hakusaidii kitu: hapo ndipo udongo unapoacha kuwa udongo.

Kwenye nyuzi 573 chembe za kwatzi, madini magumu yaliyo kwenye mchanga, ambazo zimo karibu katika kila udongo, hutanuka ghafla. Wakati wa kupoa, kwenye nyuzi hizo hizo, hunywea ghafla. Nyufa nyingi ambazo watu hudhani ni za moto kwa kweli ni za kupoza kwa pupa.

Joto likizidi kupanda chembe huanza kushikana. Vyungu vya udongo mwekundu vilivyochomwa karibu na nyuzi 1,000 huwa vigumu, ila bado vina vitundu visivyoonekana, na ndiyo sababu mtungi hutoa jasho na kuyapoza maji yaliyomo. Vyombo vya udongo unaostahimili nyuzi 1,200 hadi 1,300 ni habari nyingine: sehemu ya udongo huyeyuka na kuwa kioo, kioo hujaza vitundu, chombo husinyaa na kukaza. Ukizidisha, kinavimba malengelenge au kinalegea na kuinama. Kila udongo una kikomo chake, na udongo mwekundu wa kawaida hauwezi kulazimishwa kufika huko.

Vyombo vinavyong'aa mara nyingi huchomwa mara mbili. Moto wa kwanza, wa nyuzi 1,000 hivi, hukifanya chombo kiwe kigumu lakini chenye kiu. Ukikichovya kwenye uji wa madini, hunywa maji na kuacha unga juu yake. Moto wa pili huuyeyusha unga huo uwe ganda la kioo. Silika, kiini cha kioo hicho, peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 1,700 hivi, joto la kuliangamiza tanuri la kawaida. Huchanganywa na feldispa, aina ya madini ya miamba, au chokaa ili iyeyuke mapema. Kitako lazima kifutwe unga wote, la sivyo chombo kitagandia rafuni.

Hewa nayo ina neno lake. Palipo na oksijeni ya kutosha, chuma kilichomo kwenye udongo hutoa wekundu. Moto ukinyimwa hewa, udongo ule ule hutoka wa kijivu au mweusi.

Namba za joto peke yake hazitoshi, kwa kuwa saa za moto nazo zinahesabika. Ndiyo maana Hermann Seger, mkemia wa Ujerumani, alitoa mwaka 1886 vijiti vyake vya madini vyenye umbo la piramidi nyembamba. Unavipanga tanurini mbele ya tundu la kuchungulia. Kijiti kikiinama hadi ncha igusie chini, moto umefanya kazi yake, hata kama kipimajoto kinasema vingine.

Kisha moto unazimwa, na mlango unabaki umefungwa, pengine siku nzima, pengine zaidi. Kikishapoa cha kushikika, kiinue chombo kwenye kiganja na kigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kama kengele. Kikitoa sauti butu, kama ya ubao, kuna ufa mahali, hata kama jicho halijauona.