Kijapani kinataka kudurusiwa kila siku

Hapa Malindi tumezoea kuokota lugha kwa sikio. Kijana anakaa ufukweni msimu mmoja na Waitaliano, msimu wa pili anapatana bei, anatania na kugombana, wala hajafungua kitabu. Wengi wanaokuja kwangu kusoma Kijapani hudhani mambo yatakwenda vivyo hivyo. Hayaendi. Wajapani ufukweni ni wa kuhesabu, na maandishi yao hayabahatishiki: kuna hiragana 46 na katakana 46, ambazo ni herufi za sauti, na juu yake kanji, alama za maana zilizotoka Uchina, 2,136 zilizoorodheshwa na serikali ya Japani kuwa za matumizi ya kawaida.

Hiragana na katakana zisikusumbue. Wiki mbili tatu zinatosha, na baada ya hapo herufi za Kirumi zitoke kabisa kwenye daftari lako.

Kanji ndiyo kazi. Na hapa aliyepita chuo cha Kurani ana mtaji ambao hajui kama anao. Ustadhi hakupi aya mpya mpaka umsomee za jana, na juzuu ulizozihifadhi zamani nazo zina siku zake za kurudiwa. Kanji zinataka mwendo huo huo: kudurusu kwanza, jipya baadaye. Siku ukiwa na nafasi ndogo, acha jipya, usiache la zamani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio ya kukariri, akayachapisha mwaka 1885: tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi inapungua, na marudio yaliyotawanywa siku kadhaa hushinda yaliyorundikwa siku moja. Ndiyo maana saa tano za Jumapili hazifiki nusu saa ya kila siku baada ya alfajiri.

Nawaambia wanafunzi wakate kadi. Upande mmoja kanji, upande wa pili maana yake na neno moja inamotumika. Usigeuze kadi mpaka umejilazimisha kujibu, hata kama jibu ni la kukisia. Kule kukamua kichwa ndiko kunakojenga kumbukumbu. Kusoma daftari mara kumi kunakupa raha tu ya kuona unajua. Uliyoipata isogeze kisanduku cha mbele, kinachofunguliwa kwa nadra. Uliyoikosa irudi kisanduku cha kwanza, cha kila siku. Utaratibu huo aliueneza Sebastian Leitner mwaka 1972, na programu ya Anki inakufanyia hesabu kama hiyo kwenye simu. Mimi bado napendelea karatasi kwa anayeanza, maana mkono unaandika.

Kanji tano kwa siku ni nyingi za kutosha. Kwa hesabu ya kalamu utamaliza orodha kwa mwaka na miezi miwili hivi. Kwa maisha yetu haya, weka mara mbili ya muda huo. Na usikariri matamshi makavu. 水, maji, ikisimama peke yake husomwa mizu, lakini ndani ya suiyōbi, Jumatano, ni sui. Shika maneno, matamshi yatakuja nayo.

Kwenye sauti tuna bahati, kwa kuwa irabu zao tano ni kama zetu. Taabu ni kwamba sisi hukaza na kuvuta silabi ya pili kutoka mwisho. Ukivuta hivyo obasan, shangazi, umeshatamka obaasan, bibi. Dawa ni kupiga makofi: o-ba-sa-n, manne, o-ba-a-sa-n, matano. Wanafunzi huona haya mwanzoni. Mtihani wa JLPT, ule wa kimataifa wa kupima Kijapani, kuanzia N5 ya chini hadi N1 ya juu, hauna sehemu ya kuzungumza, kwa hiyo mtu anaweza kufaulu vizuri na bado akamzeesha shangazi wa watu.

Kama huna Mjapani wa kuzungumza naye, panda Probox. Magari mengi yaliyoagizwa kutoka Japani bado husema kila yanapowashwa: kādo ga sōnyū sarete imasen, yaani kadi haijaingizwa. Ni ile kadi ya kulipia barabara kuu za huko. Dereva anaisikia kila asubuhi na kuipuuza, kumbe ni somo kamili: kitendo mwishoni, ukanushi mwisho kabisa, na irabu ndefu tatu. Ifuatishe papo hapo ikiwa inasema, upige mapigo yake 15, kisha uiandike bila kuangalia popote, ndipo ulinganishe. Sōnyū iandike kwa hiragana tu. Kanji zake, 挿入, ziache kwanza: 入 ni ya mwanzoni, lakini 挿 ni ya mbele sana.